Tathmini ya Will Campbell wa LSU: miguu ya takle, mikono ya gadi

Katika drafti ya mwaka 2025 ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji kutoka vyuoni, iliyofanyika Green Bay, New England Patriots walitumia chaguo la nne kumchukua Will Campbell, takle wa kushoto wa LSU (Chuo Kikuu cha Louisiana State). Takle wa kushoto husimama mwisho wa safu ya mbele ya ushambuliaji, na kwa kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, anayerusha kwa mkono wa kulia, yeye ndiye mlinzi wa mgongo. Thamani ya nafasi hiyo haibishaniwi. Kilichobishaniwa ni mikono ya Campbell: je, inatosha kumweka nje, au aingizwe ndani acheze gadi, nafasi iliyo kati ya takle na senta wa katikati ya safu?

Msimamo wa tathmini hii ni kwamba Campbell ni takle. Ila ni takle mwenye masharti, na masharti hayo yanaonekana kwenye video za chuo kwa yeyote anayejua pa kutazama.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vilivyowasha moto. Kwenye kambi ya vipimo ya Indianapolis alipimwa urefu wa inchi 77 na 7/8 (karibu sentimita 198), uzito wa ratili 319 (karibu kilo 145), na mkono wa inchi 32 na 5/8 (sentimita 82.9). Baadaye, siku ya vipimo chuoni kwake, mkono huohuo ukasomeka inchi 33. Mkono hupimwa kuanzia ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kidole cha kati. Mchezaji akilegeza bega kidogo au mpimaji akiupata mfupa mahali tofauti, robo ya inchi hupotea au huongezeka kirahisi. Kwa hiyo kung'ang'ania 3/8 ya inchi kati ya vipimo viwili ni kupoteza muda.

Kipimo kilichostahili kuzungumzwa zaidi ni upana wa mikono yote miwili ikinyooshwa, ambao kwake ni inchi 77 na 3/8. Ni pungufu ya urefu wake mwenyewe. Wanaume wengi wanaocheza nafasi hii wana upana wa mikono unaozidi urefu wao, mara nyingi kwa inchi kadhaa, na upana huo unabeba pia upana wa mabega na kifua, ambavyo mkono peke yake hauonyeshi. Kwa hiyo wasiwasi haukuzuliwa na watu wasiopenda sura yake. Mwili wake kweli haufiki mbali kama miili ya wenzake.

Kwa nini mbali iwe na uzito? Pambano la takle na mwindaji, yaani beki anayemkimbilia kwotabeki kutokea pembeni, mara nyingi huamuliwa na nani anagusa kwanza. Mwindaji mwenye mkono wa inchi 34 anayenyoosha mkono mmoja hadi katikati ya kifua cha takle, huku amegeuza bega, anapata urefu wa ziada kuliko takle anayesukuma kwa mikono miwili akiwa amemkabili. Takle akifikiwa kwanza, uti wa mgongo unanyooka, visigino vinabeba uzito, na hapo anasukumwa nyuma hadi magotini kwa kwotabeki. Kipimo cha inchi 33, na kwa timu nyingine 34, kikawa mstari wa kuchujia wachezaji kwa sababu hiyo.

Ila madhara makubwa ya mkono mfupi hayaji pale unaposhindwa kufika. Yanakuja pale unapojilazimisha kufika. Takle anayejua hafiki huanza kuegemea mbele kutoka kiunoni. Kichwa kinapita vidole vya miguu, makalio yanabaki nyuma, na mikono inatoka pamoja kwa nguvu zote. Mwindaji mwenye uzoefu anangoja hilo tu. Anapiga viwiko kwa juu au anavifyeka kwa chini, na takle anaanguka mbele kama mtu aliyeegemea mlango uliofunguliwa ghafla. Hilo ndilo kosa la Campbell linalojirudia. Si kwamba anazidiwa mbio. Anapoteza mizani kwa nusu sekunde baada ya kukosa kifua, na katika nusu sekunde hiyo mwindaji amegeuza kona.

Mchezo wa Septemba 2024 dhidi ya South Carolina, ambao LSU walishinda 36–33, ni mahali pazuri pa kulitazama hili. Mwindaji Kyle Kennard, aliyemaliza msimu ule na tuzo ya Nagurski ya beki bora wa vyuo, alimsumbua kwa kubadilisha muda wa kugusa: mara anakuja na mkono mrefu mapema, mara anazuia mkono hadi Campbell arushe wake kwanza. Video ya pembeni itakudanganya hapa. Tazama ile ya nyuma ya lango, inayoonyesha safu nzima kutokea mgongoni mwa kwotabeki. Simamisha picha kabla tu ya mguso na ujiulize: pua yake iko juu ya vidole vya miguu au imevipita? Fanya hivyo kwa mapigo ishirini tu na utaweza kutabiri mwisho wa kila moja kabla hujaliachia.

Sasa upande wa pili, na ndio unaomfanya awe takle. Miguu yake ni mizuri kweli. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.98, akaruka juu inchi 32, na kuruka mbele futi 9 na inchi 5. Kwa mtu wa kilo 145 hizo ni namba za mwanariadha. Hata hivyo yadi 40 hazimhusu takle. Hatakimbia umbali huo labda mara moja kwa msimu, akifukuza mpira uliodakwa na wapinzani. Miruko ndiyo inayosema kitu, kwa sababu inapima mlipuko wa nyonga, na nyonga ndiyo inayotoa hatua ya kwanza ya kurudi nyuma.

Hatua hiyo ya kwanza ndiyo mali yake kubwa. Mara tu snapu, yaani pasi ya nyuma inayoanzisha mchezo, inapotoka, mguu wa ndani unasukuma ardhi na wa nje unarudi chini na upande kwa pamoja. Hautembei tu, unateleza karibu na nyasi, na kichwa chake hakipandi wala kushuka. Ukitaka kuhakiki, weka kidole kwenye skrini juu ya kofia yake wakati wa snapu na uone kama kofia inabaki kwenye mstari uleule hadi hatua ya tatu. Kwa Campbell inabaki. Matakle wengi wa chuo wanainuka kwenye hatua ya pili, na kila anayeinuka amempa mwindaji kifua chake bure. Kwa sababu anafika mahali pake mapema, mara nyingi anamlazimisha mwindaji kuzunguka njia ndefu, na njia ndefu ni muda ambao kwotabeki anautumia kurusha. Hapa ndipo hoja ya mkono inapopungua nguvu: takle aliyefika mapema hahitaji kunyoosha mkono sana.

Tahadhari moja kabla ya kuamini takwimu za ulinzi za mchezaji yeyote wa chuo. Kanuni za chuo zinamruhusu mchezaji wa safu ya mbele kuvuka mstari hadi yadi 3 kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi 1. Kwa hiyo vyuo hucheza sana michezo ambayo kwotabeki anaamua baada ya snapu kama atampa mkimbiaji mpira au atarusha haraka, huku safu ya mbele ikizuia kama mchezo wa kukimbia. Pasi hiyo inaandikwa kwenye vitabu kama ulinzi safi, wakati takle hakumlinda mtu yeyote. Ondoa hizo. Ondoa pasi za skrini, ambapo mwindaji anaachiwa apite makusudi. Ondoa na zile ambazo kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, maana wawindaji wanasita. Kilichobaki ndicho mtihani halisi: takle anarudi nyuma peke yake, mwindaji anajua ni pasi, na mpira unakaa mkononi zaidi ya sekunde mbili na nusu.

Campbell ana mitihani ya namna hiyo mingi kuliko wengi wa umri wake. Alianza kama takle wa kushoto tangu mwaka wa kwanza, 2022, na akaondoka baada ya misimu mitatu akiwa na michezo zaidi ya 35 ya kuanza, mingi katika ratiba ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini mwa Marekani, ambako karibu kila wiki kuna mwindaji atakayeingia NFL. Mwaka 2024 alikuwa akimlinda Garrett Nussmeier, kwotabeki wa kusimama na kurusha, aliyepiga pasi zaidi ya yadi 4,000 msimu ule. Hilo lina maana kubwa kwa mtathmini. Msimu wa 2023 nyuma yake alikuwa Jayden Daniels, aliyeshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, huku akikimbia zaidi ya yadi 1,100. Kwotabeki wa aina ya Daniels anafunika makosa ya takle kwa kuponyoka, na pia anamtia takle makosani kwa kuhama mahali ambapo takle anadhani yupo. Msimu wa Nussmeier ni safi zaidi kusoma: ukiona mwindaji amefika, mara nyingi unajua ni kosa la nani. Anayetaka kumpima Campbell kwa muda mfupi aanze na 2024.

Aanze pia kwa kuangalia uwanja. Alama za ndani za uwanja wa chuo, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake kabla ya snapu, zina nafasi ya futi 40 kati yake. Za NFL ni futi 18 na nusu. Chuoni, mpira ukiwekwa kulia, upande wa kushoto unakuwa na nafasi kubwa na mwindaji anaweza kupanuka mbali. NFL huo upana haupo kwa kiwango hicho, ila wawindaji wenyewe wana kasi zaidi. Campbell alikuwa mzuri dhidi ya mwindaji aliyejipanga mbali, kwa sababu miguu yake ilifika. Aliyemtatiza zaidi ni yule aliyejipanga karibu, bega kwa bega na takle, akaingia moja kwa moja kifuani na kisha kukata ndani. Hapo hakuna nafasi ya miguu kufanya kazi, mikono inakutana mara moja, na kama ameshatoa hatua pana kuelekea nje, pengo la ndani limeachwa wazi.

Kwenye mchezo wa kukimbia hakuna mengi ya kulalamikia. Anatoka chini, nyonga zinafuata mikono, na anapenda kumaliza pambano hadi filimbi. Kuzuia kwa zoni, ambapo safu nzima inakwenda upande mmoja kwa pamoja, kunamfaa sana: anaweza kushirikiana na gadi kumbana beki wa ndani, kisha akamwachia gadi na kupanda ngazi ya pili kumpata lainibeka, beki anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi. Kasoro yake hapo ni ileile ya mikono. Akimkosa lainibeka kwa mguso wa kwanza, anaegemea na kuteleza chini. Katika nafasi wazi, kwenye pasi za skrini, ni miongoni mwa bora wa kundi lake.

Basi kwa nini asiwe gadi? Hoja hiyo ina mifano mizuri. Zack Martin alikuwa takle wa kushoto Notre Dame, akachaguliwa wa 16 mwaka 2014 na Dallas Cowboys, akawekwa gadi, na akawa mmoja wa magadi bora wa kizazi chake. Brandon Scherff alitoka takle Iowa akawa gadi Washington. Peter Skoronski wa Northwestern, mwenye mkono wa inchi 32 na robo, alichaguliwa wa 11 mwaka 2023 na Tennessee Titans na kuingizwa gadi ya kushoto mara moja.

Lakini wanaotaja mifano hiyo wanasahau gadi anakutana na nani. Mbele ya gadi kuna beki wa ndani wa kilo 135 hadi 150, na mguso unatokea karibu mara tu baada ya snapu. Kinachotakiwa hapo ni nanga: kushusha nyonga, kupokea uzito na kusimama. Nanga ya Campbell ni ya kawaida. Inatosha, haivutii. Akiingizwa ndani, unaficha mikono yake, sawa, ila unatupa pia ile hatua ya kwanza na uwezo wa kufunika nafasi kubwa, vitu viwili anavyovifanya vizuri kuliko vyote. Unachukua mchezaji ambaye thamani yake iko miguuni na kumweka mahali ambapo miguu haina kazi. Gadi ni mpango wa akiba wenye heshima. Kuufanya mpango wa kwanza kwa mchezaji huyu ni kosa la tathmini.

Tena mifano ya upande wa pili ipo. Joe Thomas alipimwa mkono wa inchi 32 na nusu kabla ya Cleveland Browns kumchagua wa tatu mwaka 2007. Alicheza snapu 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima. Thomas si kipimo cha haki kwa yeyote, kwa hiyo mfano wenye manufaa zaidi ni Rashawn Slater. Mkono wake ni inchi 33, alichaguliwa wa 13 mwaka 2021 na Los Angeles Chargers, na mwaka wake wa kwanza tu akiwa takle wa kushoto aliingia timu ya pili ya All-Pro, orodha ya wachezaji bora wa ligi kwa kila nafasi. Slater ndiye anayepaswa kusomwa na Campbell picha kwa picha. Anatumia mkono mmoja mmoja, hatupi yote miwili pamoja. Anaonyesha mkono na kuurudisha ili mwindaji afyeke hewa. Anabadilisha kina cha kurudi kwake, mara anarudi wima, mara anamvamia mwindaji mapema kabla hajapata kasi, hivi kwamba mwindaji hajui mguso utatokea wapi. Mwenye mkono mfupi hashindi kwa kuwahi kugusa. Anashinda kwa kuamua mahali pa kugusania.

Campbell wa LSU alikuwa na nusu ya ujuzi huo. Kubadilisha kina alikuwa nako, na kumvamia mwindaji mapema alikufanya vizuri. Mikono ndiyo iliyokuwa nyuma: mingi ni ya pamoja, mingi inatua nje ya mabega badala ya kifuani, na mkono unaotua nje hugeuka kuwa kushika, na kushika huleta bendera ya adhabu ya yadi 10. Habari njema ni kwamba kasoro za mikono zinafundishika kuliko za miguu. Mazoezi yake yanajulikana: takle anarudi nyuma huku mikono imefungwa mgongoni, mpaka mwili ukubali kukaa wima bila msaada, kisha mkono wa ndani peke yake, kisha wa nje peke yake, na mwisho mwalimu mwenye pedi anayebadilisha muda wa kuja ili takle ajifunze kungoja. Tatizo ni kwamba chini ya shinikizo mwili hurudi kwenye tabia ya zamani, na kuifuta huchukua zaidi ya kambi moja ya mazoezi.

Msimu wake wa kwanza uliyathibitisha haya yote. Chini ya kocha Mike Vrabel alianza takle wa kushoto tangu mchezo wa kwanza, akimlinda Drake Maye, huku pembeni yake gadi wa kushoto akiwa Jared Wilson, naye mwanagenzi. Kuweka wageni wawili bega kwa bega ni jambo zito. Wawindaji wanapopishana njia, wa nje akaingia ndani na wa ndani akatoka nje, takle na gadi wanatakiwa kubadilishana watu bila kuzungumza, na lugha hiyo hujengwa kwa kucheza pamoja. Mwezi Novemba Campbell akaumia goti dhidi ya Cincinnati Bengals na kukosa michezo kadhaa. Patriots walifika Super Bowl ya Februari 2026 na kufungwa 29–13 na Seattle Seahawks. Usiku ule upande wake ulishambuliwa sana, na kelele za kumhamishia gadi zikarudi.

Kelele hizo zinachanganya mambo mawili. Takle anayetoka kwenye jeraha la goti anapoteza kwanza ile hatua ya kusukuma nyuma, na kwa huyu hatua hiyo ndiyo inayofidia mikono. Ukimwondolea, unabaki na mikono peke yake. Kumhukumu kwa michezo ile ni kupima gari lenye tairi bovu. Ila waajiri wake nao wana sehemu yao. Takle wa namna hii hawekwi peke yake mchezo mzima dhidi ya mwindaji bora, na kwotabeki anayerudi yadi 9 nyuma akishikilia mpira. Mkimbiaji au taiti endi, mdakaji anayejipanga kando ya takle, ampige mwindaji bega akielekea kwenye njia yake. Kwotabeki atoe mpira haraka au apande mbele ndani ya mfuko, yaani eneo analolindwa na safu ya mbele, kwa sababu Campbell anamzungusha mwindaji vizuri nyuma ya yadi 7 lakini hawezi kumshikilia hapo milele.

Bei yenyewe? Mkataba wa chaguo la nne ni wa miaka minne, takriban dola milioni 43. Kwa takle wa kushoto wa kuanza, bei hiyo ni nafuu ukilinganisha na soko la wachezaji huru. Kwa gadi, ni kubwa kwa kijana ambaye hajathibitisha chochote. Waliomweka miongoni mwa wachezaji kumi bora wa drafti walikuwa sahihi. Wa nne ni juu kidogo, hasa takle Armand Membou akiwa bado hajachukuliwa, yeye aliyekwenda New York Jets kwa chaguo la 7. Lakini Patriots walihitaji takle wa kushoto, na Membou alicheza kulia Missouri.

Msimu wake wa pili, acha kuhesabu kwotabeki ameangushwa mara ngapi. Tazama pua na vidole vya miguu, mkono upi unatoka kwanza, na unatua wapi. Kama kufikia Oktoba mkono wa ndani unatoka peke yake na unatua kifuani, Patriots wana takle kwa miaka kumi. Kama bado yote miwili inatoka pamoja, gadi aanze kuandaliwa mapema, kabla ya mechi za Desemba.